Santuri Thelathini na Mbili, Kisha Kimya

Mwezi Desemba 1972, mbele ya kamera za televisheni mjini Tokyo, msichana wa miaka 13 aliimba wimbo wa mtu mwingine, kisha akasimama kimya akingoja kuona kama yuko atakayemtaka. Shindano hilo liliitwa “Star Tanjo!”, maana yake “Nyota Amezaliwa!”, nalo lilikuwa likirushwa na kituo cha Nippon Television tangu Oktoba 1971. Ukumbini walikaa mawakala wa makampuni ya santuri na wa ofisi za kusimamia waimbaji, kila mmoja akiwa na kibao chenye jina la kampuni yake. Aliyempenda mshindani aliinua kibao juu, kama afanyavyo mnunuzi mnadani. Mshindani aliyekosa hata kibao kimoja alirudi nyumbani kwao kuendelea na masomo.

Kwa msichana yule vibao viliinuliwa. Jina lake lilikuwa Momoe Yamaguchi. Kabla ya miaka minane kutimia tangu siku ile, alikuwa ametoa santuri ndogo 32, ameigiza katika filamu na michezo ya televisheni, ameandika kitabu kilichonunuliwa na zaidi ya watu milioni moja, na ameyaacha yote akiwa na umri wa miaka 21, asirudi tena jukwaani hadi leo.

Watu wengi nje ya Japani wamemjua kwa sura na kwa sauti. Wachache wameujua mtambo uliomtengeneza, na namna alivyojitoa katika mtambo huo mkono mmoja baada ya mwingine. Kisa chake kinaweza kusomwa katika santuri zenyewe, moja baada ya moja, kwa kutazama jambo moja tu: ni nani aliyeyaandika maneno aliyopewa kuyaimba.

MTOTO WA YOKOSUKA

Momoe alizaliwa Tokyo tarehe 17 Januari, 1959, akakulia Yokosuka, mji wa bandari ulio kusini ya Tokyo, ambako Jeshi la Wanamaji la Marekani limeweka kituo tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili. Mama yake aliwalea mabinti wawili peke yake. Baba alikuwa na mke na nyumba nyingine, na jambo hilo Momoe hakuwaachia wambeya walitangaze. Alilieleza mwenyewe baadaye, kwa kalamu yake.

Katika miaka ile televisheni ilikuwa imekwisha kuingia karibu kila nyumba ya Japani. Msichana aliyerudi kutoka shuleni aliwaona watoto wa rika lake wakiimba ndani ya kioo hicho, na aliyemwona leo darasani huenda angemwona kesho akiwa maarufu. Momoe alimwona Masako Mori, msichana wa darasa sawa na lake, akipita katika shindano la “Star Tanjo!”, akaamua kupeleka maombi yake. Muda si mrefu Masako, Momoe na msichana wa tatu, Junko Sakurada, wakawa wanatajwa pamoja kama mafiga matatu, kwa jina la utatu wa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa shule ya kati. Kila walipopanda darasa, jina nalo lilibadilishwa lifuate darasa. Hivyo umri wao wenyewe uliwekwa sokoni.

Momoe alichukuliwa na ofisi ya usimamizi ya Horipro, iliyoasisiwa mwaka 1960, na sauti yake ikarekodiwa na kampuni ya CBS/Sony, iliyoundwa mwaka 1968 kwa ubia wa Sony ya Japani na CBS ya Marekani. Santuri yake ya kwanza, “Toshigoro”, ilitoka mwezi Mei 1973. Alikuwa na umri wa miaka 14. Haikuuzwa sana.

KALENDA YA MIEZI MITATU

Santuri ndogo ya siku hizo ilikuwa sahani ya plastiki yenye upana wa sentimita 17, iendayo mizunguko 45 kwa dakika. Ni ya aina ileile iliyopigwa mahotelini na majumbani Nairobi na Dar es Salaam katika miaka hiyo. Upande wa kwanza uliwekwa wimbo uliokusudiwa kupendwa. Upande wa pili ukawekwa wimbo wa kusindikiza. Sahani ilitiwa katika bahasha ya karatasi yenye picha ya mwimbaji, na kwa msichana mwanafunzi picha hiyo ilikuwa na thamani karibu sawa na wimbo.

Makampuni yalikuwa yamejifunza kwamba wimbo unaoimbwa kila wiki katika televisheni huchosha masikio baada ya majira moja. Kwa hiyo mwimbaji kijana alitakiwa atoe santuri mpya kila baada ya miezi mitatu hivi, majira ya machipuo, kiangazi, masika ya majani kupukutika, na baridi, kama mkulima apaliliaye kwa zamu asiyoweza kuikosa. Kalenda ya Momoe yathibitisha hayo. Mwaka 1974 alitoa santuri mwezi Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwaka 1975 alitoa tena Machi, Juni, Septemba na Desemba. Katikati ya santuri na santuri palikuwa na filamu za kupigwa, michezo ya televisheni ya kuigizwa, matangazo ya biashara, safari za mikoani, na masomo ya shule.

Mambo haya yote yalipimwa kwa mizani moja. Kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Oricon ilianzishwa mwaka 1967, na kuanzia Januari 1968 ikawa inatoa kila wiki orodha ya santuri zilizouzwa zaidi, kwa hesabu zilizokusanywa kutoka madukani. Kabla ya hapo kila kampuni iliweza kujisifu itakavyo. Baada ya hapo nambari zilisema, na nambari hazina huruma. Mwimbaji aliyeshuka kutoka nafasi ya tano hadi ya kumi na tano aliulizwa kwa nini, ingawa labda sauti yake ilikuwa imekomaa zaidi kuliko mwaka uliopita.

Mwaka 1978 kituo cha TBS kilianzisha kipindi cha “The Best Ten”, ambacho kila wiki kiliwaita studioni waimbaji wa nyimbo kumi zilizokuwa juu. Mmoja wa watangazaji wake wawili alikuwa Tetsuko Kuroyanagi, mwanamke ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kumkumbuka. Mwaka 1984 aliteuliwa kuwa balozi wa hiari wa UNICEF, na safari yake ya kwanza katika kazi hiyo ilikuwa Tanzania. Huko aligundua kwamba jina lake la utotoni, Totto, lafanana na neno la Kiswahili la mtoto.

FEDHA HUENDA WAPI

Yafaa kueleza hapa fedha za santuri ziligawanywa vipi, maana mnunuzi dukani hudhani kwamba amempa mwimbaji. Sehemu kubwa ya bei ilikwenda kwa duka, kwa msambazaji na kwa kampuni iliyorekodi. Mtunzi wa maneno na mtunzi wa muziki walipata mrabaha, uliokusanywa kwa niaba yao na chama cha JASRAC kilichoanzishwa mwaka 1939. Kwa kuwa sahani moja ilikuwa na pande mbili, watunzi wa upande wa pili nao walipata fungu lao kwa kila sahani iliyouzwa, hata kama hakuna aliyeugeuza. Mwimbaji alipata fungu dogo sana, na mara nyingi hata hilo halikuingia mkononi mwake, kwa maana waimbaji vijana walilipwa mshahara wa mwezi na ofisi zilizowasimamia.

Mfano mkubwa wa mgawo huo haumhusu Momoe, bali mwenzake wa zama zile. Mwishoni mwa mwaka 1975 ilitoka santuri ya wimbo wa watoto uitwao “Oyoge! Taiyaki-kun”, unaosimulia habari za andazi la umbo la samaki lililochoka kuchomwa kila siku juu ya bamba la chuma, likatorokea baharini. Santuri hiyo ilinunuliwa zaidi ya nakala milioni nne, na katika hesabu za Oricon hakuna santuri ndogo iliyopata kuipita. Mwimbaji wake, Masato Shimon, alikuwa amelipwa kwa mkupuo mmoja, yeni 50,000 tu, bila fungu lolote katika mauzo. Baadaye kampuni ilimpa zawadi ya yeni milioni moja na gita. Ilikuwa hisani, haikuwa haki. Wahenga walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike.

MANENO YA WATU WAZIMA

Kwa msichana wa Yokosuka, mzigo ulikuwa wa namna nyingine. Santuri yake ya kwanza ilipokosa wanunuzi wengi, wakubwa wake walibadili njia. Santuri ya pili, “Aoi Kajitsu”, yaani “Tunda Bichi”, iliyotoka Septemba 1973, ilimvika msichana wa miaka 14 maneno ya mwanamke ajitoaye kwa mpenzi wake. Yaliandikwa na mwanamume mtu mzima, Kazuya Senge, na kutiwa muziki na Shunichi Tokura. Wanunuzi wakaongezeka. Kampuni ikaona imeipata dawa, ikaendelea kuichemsha.

Mwezi Juni 1974 ukatoka “Hito Natsu no Keiken”, wimbo wa mambo ampatayo msichana katika kiangazi kimoja. Ndani yake mwimbaji asema kwamba atampa mpenzi kitu cha thamani kuliko vyote alivyo navyo msichana. Aliyeuimba alikuwa na umri wa miaka 15. Aliuimba bila kucheka na bila kurembua macho, kwa sauti nzito kidogo isiyolingana na miaka yake, na ni utulivu huo uliowafanya watu wazima washindwe kujua wamtazame kama mtoto au la.

Waandishi wa habari walikuwa na swali moja walilolirudia kila walipokutana naye: kitu hicho cha thamani kuliko vyote ni kipi? Kila aliyeuliza alijua anachokitafuta. Alitaka kumwona msichana akiona haya, apate cha kuandika. Momoe alikuwa na jibu moja alilowapa wote, kwa neno moja la Kijapani, “magokoro”, maana yake moyo wa dhati. Hakuona haya wala hakukasirika. Aliwarudishia swali lao likiwa limeoshwa.

Mzazi asomaye habari hii atajiuliza watu wazima wale walikuwa wakifanya nini. Jibu ni kwamba walikuwa wakifanya kazi, na kazi ilikuwa ikileta faida. Mwezi Desemba mwaka huohuo santuri iliyoitwa “Fuyu no Iro”, “Rangi ya Majira ya Baridi”, ilimfikisha Momoe kwa mara ya kwanza katika nafasi ya kwanza ya Oricon. Mtu akiisha kufika huko, hakuna amwulizaye tena alipitia njia gani.

ALIPOCHAGUA MWENYEWE

Mabadiliko yalikuja mwaka 1976, nayo yalitoka kwake. Momoe alikuwa ameupenda muziki wa Ryudo Uzaki, kiongozi wa bendi ya rock iliyokuwa mbali kabisa na dunia ya waimbaji wasichana. Aliomba apewe wimbo wake. Lilikuwa ombi la ajabu, kwani mwimbaji wa aina yake alizoea kuletewa wimbo kama mgonjwa aletewavyo dawa. Ombi likakubaliwa. Uzaki alitunga muziki, na maneno yakaandikwa na mkewe, Yoko Aki.

Wimbo waliouleta uliitwa “Yokosuka Story”, yaani “Kisa cha Yokosuka”. Uliutaja mji wa bandari alikokulia msichana huyo, na ndani yake hakuna tena msichana anayetolewa zawadi. Yumo mwanamke anayemtazama mwanamume asiyemtazama, na anayejua kwamba mapenzi hayo yamefika mwisho. Santuri ilitoka mwezi Juni 1976, ikafika nafasi ya kwanza, ikauzwa zaidi ya nakala 600,000. Tangu hapo mume na mke hao waliandika nyimbo zake nyingi hadi alipoaga. Kwa mara ya kwanza mwanamke alikuwa akimwandikia mwanamke, na tofauti ilisikika.

Mwezi Oktoba 1977 alipewa wimbo mwingine usiosahaulika Japani, utungo wa Masashi Sada. Herufi za jina lake zingeweza kusomwa “Akizakura”, lakini lilikusudiwa lisomwe “Kosumosu”, jina la ua lichanualo majani yapukutikapo. Ni wimbo wa binti anayeolewa kesho. Mama anakaa naye barazani, anafungua albamu ya picha, anarudia hadithi zilezile za utoto. Momoe alikuwa na umri wa miaka 18, akiwa mbali bado na ndoa. Sada amesimulia kwamba siku ya onyesho lake la mwisho, Momoe alimpelekea salamu za kumshukuru, akisema siku ya kuuelewa wimbo ule imefika.

WIMBO NA TANGAZO

Si kwamba biashara ilikaa kando. Mwezi Novemba 1978 ulitoka “Ii Hi Tabidachi”, wimbo wa msafiri aondokaye siku njema, uliotungwa na Shinji Tanimura. Wajapani wengi wauimbapo leo huwakumbuka wazazi wao na vijiji vya kwao. Lakini ulitolewa ukiwa wimbo wa kampeni ya Shirika la Reli la Taifa, iliyokusudiwa kuwashawishi watu wapande gari la moshi na kusafiri. Wimbo waweza kuzaliwa katika tangazo, ukaishi muda mrefu kuliko shirika lililoutangaza. Shirika hilo liligawanywa na kubinafsishwa mwaka 1987, na wimbo ungali unaimbwa.

Kinyume chake kilitokea mwaka huohuo kwa “Playback Part 2”, wimbo mkali wa Uzaki na Aki juu ya mwanamke anayeendesha gari peke yake baada ya ugomvi. Wimbo huo ulitaja jina la kampuni ya magari ya Kijerumani. Shirika la utangazaji la NHK, ambalo kanuni zake zinakataza kutangaza bidhaa, lilitaka jina hilo liondolewe, na pahali pake liwekwe neno la kawaida la gari. Hata hivyo, usiku wa tarehe 31 Desemba, 1978, katika tamasha la NHK la kuaga mwaka ambalo siku hizo karibu familia nzima za Japani zilikaa pamoja kulitazama, Momoe alipewa heshima ya kuimba mwisho kwa upande wa wanawake. Wimbo wake ulikuwa huohuo. Alikuwa na umri wa miaka 19.

WALIOTAKA KUWA WATU WA KAWAIDA

Wakati huo kundi la wasichana watatu walioitwa Candies lilikuwa limekwisha kuishtua nchi. Mwezi Julai 1977, katikati ya onyesho kwenye uwanja wa Hibiya mjini Tokyo, walilia mbele ya watu na kutangaza kwamba wanataka kurudi kuwa wasichana wa kawaida. Tangazo hilo halikuwa limepangwa na wakubwa wao. Walifanya onyesho la kuagana tarehe 4 Aprili, 1978, katika uwanja wa besiboli wa Korakuen. Santuri yao ya mwisho wakiwa pamoja ndiyo pekee iliyopata kufika nafasi ya kwanza. Mashabiki walikuwa wamewapa kwa kuondoka kile walichowanyima walipokuwapo.

Momoe aliondoka kwa utaratibu. Mwaka 1974 alikuwa ameigiza pamoja na mwigizaji Tomokazu Miura katika filamu ya “Izu no Odoriko”, na tangu hapo wakawa wakiigiza pamoja mara kwa mara. Watazamaji waliwaoza kwa macho miaka kadhaa kabla ya wao wenyewe. Mwezi Oktoba 1979, akiwa jukwaani Osaka, Momoe aliwaambia watu waziwazi kwamba anampenda mwenzake huyo. Tarehe 7 Machi, 1980, wawili hao wakatangaza uchumba, na yeye akatangaza kwamba ataacha kazi.

Mwezi Septemba 1980 kilitoka kitabu chake, “Aoi Toki”. Humo alieleza kuzaliwa kwake, mama yake, baba yake, na mambo ya mwili na moyo wa msichana aliyeimbishwa mapenzi kabla ya kuyajua. Kwa miaka saba watu wazima walikuwa wamemwandikia maneno ya siri zake za kubuni. Sasa aliandika siri zake za kweli, kwa kipimo alichokichagua yeye.

Tarehe 5 Oktoba, 1980, katika ukumbi wa Nippon Budokan mjini Tokyo, alifanya onyesho lake la mwisho. Wimbo wa kufunga ulikuwa “Sayonara no Mukogawa”, “Ng'ambo ya Kwaheri”, kazi ya Uzaki na Aki. Alipomaliza alikiinamisha kipaza sauti cheupe, akakilaza taratibu juu ya sakafu ya jukwaa, akainama kuwashukuru watu, akaondoka. Tarehe 19 Novemba alifunga ndoa na Miura katika kanisa la Reinanzaka, Tokyo.

KILA NDEGE NA UBAWA WAKE

Kampuni ya CBS/Sony haikukaa eda. Tarehe 1 Aprili, 1980, ilikuwa imemtoa msichana mpya, Seiko Matsuda. Santuri yake ya tatu, “Kaze wa Akiiro”, ilitoka tarehe 1 Oktoba, siku nne kabla ya Momoe kukilaza kipaza sauti, nayo ikafika nafasi ya kwanza. Kuanzia hiyo hadi mwaka 1988 santuri 24 za Seiko zilifika nafasi ya kwanza mfululizo.

Seiko naye aliolewa mwaka 1985, na mwaka uliofuata akajifungua binti. Lakini yeye alirudi jukwaani. Wajapani waliokuwa wamezoea kwamba mwimbaji akiolewa huaga, waligawanyika. Wako waliomlaumu kwa kutokaa na mtoto, na wako wanawake wengi waliomwona kuwa amewafungulia mlango. Kwa muda mrefu magazeti yaliwaweka Momoe na Seiko katika mizani, kama kwamba mmoja lazima awe mke mwema na mwingine awe mwenye tamaa. Mizani hiyo haikuwa na haki. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mmoja alichagua kuondoka, mwingine akachagua kubaki, na jambo kubwa ni kwamba wote wawili walichagua, katika kazi ambayo wasichana walizoea kuchaguliwa kwa vibao.

Biashara yenyewe imebadili nguo zaidi ya mara moja. Sahani za plastiki nyeusi ziliachia nafasi sahani ndogo za CD, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1982. Katika karne hii makundi makubwa ya wasichana, kama vile AKB48 lililoanzishwa mwaka 2005, yaliuza santuri zikiwa na tiketi ya kushikana mkono na mwimbaji au karatasi ya kumpigia kura. Shabiki mmoja aliweza kununua makumi ya nakala za wimbo uleule, na mauzo yakavuka milioni. Nambari ziliendelea kutolewa kila wiki, lakini ilikuwa vigumu kujua kama zinahesabu nyimbo au zinahesabu mikono.

SINDANO NA UZI

Bibi Momoe Miura amezaa watoto wawili wa kiume. Katika miaka ya kwanza ya ndoa waandishi na wapiga picha waliizingira nyumba yake, wakimfuata hata alipowapeleka watoto shuleni. Hakutoka kuimba ili awaridhishe, wala hakuandika kitabu kingine cha siri. Mwanawe mkubwa, Yutaro, akawa mwimbaji, na mwaka 2019 alitoa albamu ya nyimbo za mama yake. Mdogo, Takahiro, ni mwigizaji kama baba.

Mwaka huohuo wa 2019 yeye mwenyewe alitoa kitabu, cha kwanza baada ya karibu miaka 40. Ni kitabu cha kazi zake za kushona matandiko ya viraka, ufundi wa kukata vipande vidogo vya vitambaa na kuviunga kwa sindano hadi viwe shuka moja kubwa yenye nakshi. Ni kazi isiyokubali haraka, na hakuna orodha ya kila wiki iwezayo kuipima. Mwezi Mei 2020 nyimbo zake zilifunguliwa kusikilizwa kwa njia ya intaneti, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipokuwa akiimba wakazikuta zote pamoja, za mtoto wa miaka 14 na za mwanamke wa miaka 21.

Atakayezisikiliza kwa kufuata tarehe atafika mwishoni kwenye santuri ya 32. Ilitoka mwezi Novemba 1980, mwezi uleule wa harusi, Momoe akiwa amekwisha kuaga. Yaitwa “Ichie”. Muziki wake ni wa Shinji Tanimura, na maneno yameandikwa na mtu aitwaye Yokosuka Kei. Hilo ni jina la kalamu la Momoe mwenyewe, lililochukuliwa kutoka mji aliokulia. Santuri ile hakuipigia debe katika televisheni hata siku moja. Alikuwa nyumbani kwake.